Kipimo cha Wekundu

Ziwa zima liko hapo chini, linametameta,
nami nimechuchumaa jikoni, Isamilo,
nakoroga chumvi ndani ya ndoo.
Mama Nyanjige ananichungulia dirishani:
"Holo, maji baridi yote haya Mungu katupa,
wewe unayatia chumvi? Unapika nini?"

Sipiki. Namwonyesha tangi la kioo
pale lilipokuwa kabati la vyombo,
na ndani yake tumbawe, urefu wa kidole gumba,
lililotoka Tanga kwa basi, usiku kucha,
ndani ya chupa ya chai, mapajani kwa shemeji Shekue.

Lilifika jekundu.
Si wekundu wa nyanya za Kirumba.
Ule wa kaa la moto ukilipuliza,
kabla halijashika jivu.

Mchana mimi ni mpima maji.
Kazi yangu ni kuliondolea ziwa mambo yake,
tope, mwani, harufu ya dagaa,
mpaka libaki glasi
ambayo muuguzi wa Bugando atamnywesha mtoto
bila kuitazama mara mbili.
Nikajiambia, hili nalo nitaliweza.
Nikachuja. Nikachuja tena.
Naitreti, sifuri. Fosfeti, sifuri.
Sifuri zangu zikajipanga daftarini kama mayai,
na tumbawe likaanza kupauka.

Ncha kwanza. Kisha shingo.
Likawa waridi, likawa chai ya maziwa,
likawa rangi ya ukucha.
Nikailaumu taa: nikaishusha, nikaipandisha,
nikaongeza buluu, nikapunguza nyeupe.
Umeme ukikatika, na kwetu hukatika,
nilikesha na betri ya pikipiki ikiyapumulia maji,
kidole nimekichovya
kama anayepima homa ya mwanawe.

Shekue akaniambia kwenye simu:
"Shemeji, ule wekundu si wanja.
Ni mwavuli. Lenyewe hujifumia dhidi ya mwanga.
Na mwenye njaa hafumi."
Nikamwitikia ndiyo, ndiyo.
Nikakata simu, nikasugua kioo.

Halafu nikaitwa Ukerewe: mama kavunjika nyonga.
Nilikaa mwezi mzima, namgeuza, namkanda, namlisha uji,
na kila mara alisema, "Ongeza samaki, mwanangu,
huu uji mweupe ni wa wafu."
Ufunguo nilimwachia Sayi, mtoto wa Mama Nyanjige,
miaka tisa, kwa amri moja tu:
maji yakishuka chini ya mstari wa kalamu, jaza
kutoka dumu lile, lisilo na chumvi.

Niliporudi, kioo kilikuwa na ukungu wa kijani.
Koo likanikaza. Nikavuta pumzi ya kugomba,
nikawasha taa,
nikaishia na pumzi hiyo kifuani.

Kaa la moto.
Si lote; ubavu mmoja bado ulikuwa na jivu.
Lakini ncha zilikuwa zinawaka.

Sayi akasimama mlangoni, mguu mmoja juu ya mwingine.
"Usiku linafungua vinywa vidogo vidogo, shangazi.
Vingi. Nikaona linaomba.
Nikasaga dagaa. Ncha ya kijiko tu.
Sikumwambia mama."

Nikapima. Naitreti, tano.
Mkono ulisita kuiandika tano ile
chini ya sifuri zote zile safi.

Sasa nina safu mpya daftarini: *dagaa*.
Ikizidi, rangi hugeuka kahawia kama chai iliyochemka sana;
hilo nalo nimeliona, Pasaka,
Sayi alipoleta na rafiki zake.
Basi tunapima, yeye na mimi, kijiko kwa kijiko,
taa ikielekea buluu na mji ukiwasha zake mlimani.

Kazini bado naua kila kitu ndani ya maji.
Ndivyo inavyotakiwa. Watu wanakunywa.

Mama Nyanjige bado ananicheka.
Ila jana jioni aligonga, bakuli mkononi,
mboga iko jikoni, duka limefungwa:
nimgawie chumvi kidogo,
"ile yako ya baharini, mama, usinibanie."
Nikampa ya mezani.
Ile nyingine, angejua bei yake,
asingecheka tena.